Mwalimu wa Gredi ya Nne Amekuwepo Tangu Lini?

Kila Novemba ikielekea ukingoni, mji wa Voi hupata mapambo mapya. Mabango ya shule za kibinafsi hupigiliwa kwenye miti na nguzo za stima: watoto watatu wenye sare ya zambarau wakicheka, basi la manjano lililooshwa likang'aa, chumba cha kompyuta, na mara mojamoja bwawa la kuogelea, katika mji ambao mama wa nyumba huamka usiku wa manane kukinga maji kabla mfereji haujakauka. Chini kuna nambari ya simu na onyo kwamba nafasi ni chache. Sijaona bango lililotaja mwalimu wa hisabati amesomea wapi, wala amefundisha hapo kwa muda gani.

Nalitaja hilo kwa sababu katika shule ya kibinafsi ya mji kama wetu, ndilo jambo linaloamua karibu kila lingine.

Wazazi wa Taita Taveta, kaunti yetu, hawakuanza jana kuchagua shule. Wamisionari Waanglikana walifika Sagalla mwaka 1883, Wakatoliki wakaja Bura mwaka 1892, na tangu hapo elimu imekuwa sehemu ya heshima ya nyumba huko milimani. Baada ya uhuru zikaja shule za harambee. Mzazi aliyebeba mawe ya msingi wa darasa alisimama mkutanoni akauliza mwalimu mkuu amefanyia nini pesa za mabati, na akajibiwa. Shule ya kibinafsi ina mwenyewe. Mzazi pale ni mteja, na mteja asiyeuliza hulipa tu.

Wengi walikimbilia shule hizo za kibinafsi baada ya Januari 2003, serikali ya Mwai Kibaki ilipofuta karo ya shule za msingi. Idadi ya wanafunzi nchini ilipanda kutoka takriban milioni 5.9 hadi milioni 7.2 ndani ya mwaka mmoja, walimu wakiwa wale wale. Watoto walikaa chini ya miti. Waliokuwa na uwezo kidogo, na wengine wasiokuwa nao, wakawatoa watoto wao. Voi nayo ikazidi kukua: malori ya barabara kuu, chuo kikuu kikaja, treni ya SGR ikaanza kusimama hapa mwaka 2017. Askari wa wanyamapori, mpishi wa hoteli ya Tsavo, mwenye duka mtaani Mwakingali, kibarua wa mkonge anayejinyima, wote leo wanachungulia mabango yale yale.

Kipimo cha zamani kilikuwa rahisi. Uliuliza wastani wa KCPE, mtihani wa darasa la nane wa alama 500, ukasikia 370 au 390, ukalipa. Hata serikali iliposimamisha kuorodhesha shule kwa nafasi mwaka 2014, wamiliki waliendelea kuorodhesha wenyewe kwa rangi za mafuta ukutani. Hesabu hiyo ilikuwa na ujanja wake. Mtoto dhaifu alirudishwa darasa la sita mara mbili, akashauriwa ahame kabla ya kufika la nane, au akaandikishwa katika kituo kingine cha mtihani ili asiiangushe shule. Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013 inakataza kumrudisha mtoto darasa na kumfukuza, lakini mzazi aliyeambiwa "ni kwa faida ya mtoto" hakwenda kusoma sheria.

KCPE ya mwisho ilifanywa mwaka 2023. Ukiona bado shule inatangaza wastani, inakuuzia shule ya watoto walioondoka. Mtaala mpya wa umilisi una hesabu nyingine. Kundi la kwanza lilifanya mtihani wa kumaliza Gredi ya 9 mwaka 2025 na kuingia Gredi ya 10 Januari 2026, na katika kupangiwa shule za upili mtihani huo ulibeba asilimia 60. Asilimia 20 zilitoka kwenye tathmini ya Gredi ya 6. Nyingine 20 zilitoka kwenye kazi za mtoto zilizotathminiwa na walimu wake shuleni, Gredi ya 7 na ya 8. Yaani sehemu ya tano ya matokeo ya mtoto inategemea mwalimu aliyemwona akifanya kazi, akaandika, akahifadhi. Shule inayobadilisha walimu kila muhula inahifadhi nini?

Hapo ndipo penye kidonda cha shule za kibinafsi za Voi, kama zilivyo za miji mingine midogo. Mwalimu kijana akitoka chuoni huajiriwa na akademia, kama zinavyoitwa shule hizi, kwa mshahara ambao mara nyingi hautoshi kodi ya chumba na nauli ya kwenda kwao. Anafundisha huku sikio likiwa redioni. Siku Tume ya Huduma za Walimu, TSC, inapotangaza nafasi, anatuma maombi. Akiitwa, anaondoka, hata kama ni wiki ya tano ya muhula. Simlaumu. Serikali humpa pensheni, bima na uhakika wa mwisho wa mwezi. Mwaka 2023, sekondari msingi ilipoanza katika shule za msingi, serikali iliajiri walimu zaidi ya 50,000, wanagenzi wakiwemo, na wengi wao walikuwa wakifundisha shule za kibinafsi. Madarasa ya hisabati na sayansi yakabaki na ratiba ukutani bila mtu wa kuifuata.

Kwa hiyo swali la kwanza la kuuliza ofisini, kabla ya karo na kabla ya basi, liwe jepesi: mwalimu wa Gredi ya 4 amekuwepo tangu lini? Kisha wa Gredi ya 6. Kisha ni wangapi kati ya waliokuwepo Januari iliyopita bado wapo. Mkurugenzi mwenye shule nzuri hujibu hapo hapo kwa majina, tena kwa fahari, kwa sababu anajua gharama aliyolipa kuwashika. Anayejibu kwamba "walimu wetu wote ni wazuri sana" amekujibu pia. Uliza vilevile kama mishahara hulipwa mwezi wa Agosti na Desemba, wakati shule zimefungwa na karo haiingii. Swali hili huonekana kama la umbeya, na mkurugenzi ana haki ya kutolipenda. Basi muulize mwalimu mwenyewe, kwa upole, kituoni akisubiri matatu: "Mwalimu, hapa kwenu mwisho wa mwezi ni tarehe ngapi?" Akicheka, utakuwa umeelewa.

Kila mwalimu, wa umma au wa kibinafsi, anatakiwa kisheria kuwa amesajiliwa na TSC na awe na nambari yake. Shule isiyoweza kuonyesha nambari za walimu wake huenda inaajiri vijana wa kidato cha nne wanaosubiri mambo mengine. Na pasiwe na fikira kwamba kifaa kinaziba pengo hilo. Kampuni ya Bridge, iliyofungua shule yake ya kwanza Nairobi mwaka 2009, ilimpa mwalimu kishikwambi chenye somo lililoandikwa tayari, neno kwa neno, asome. Ilienea haraka kwa sababu ilikuwa nafuu. Mwaka 2016 mahakama ya Uganda iliruhusu shule zake za huko zifungwe kwa kukosa leseni na kutotimiza viwango, na nchini Kenya iliandamwa na kesi. Ubishi juu ya mafanikio yake haujaisha, ila mzazi anayeona kishikwambi kikitajwa bangoni mara tatu na mwalimu mara moja, asiharakishe kutoa pesa.

Siku ya wazazi haifai kwa ukaguzi. Siku hiyo kuna maigizo, halaiki na soda. Nenda Jumanne ya kawaida katikati ya muhula, saa nne asubuhi, useme unatafuta nafasi. Sikiliza ukitembea verandani. Darasa zima linaloitikia kwa kuimba "yes, teacher" linapendeza masikio ya mgeni. Darasa ambalo mtoto mmoja anaeleza jambo na mwenzake anapinga ndilo lenye kazi inayoendelea. Omba kuona madaftari. Shule nyingi zitakupa daftari la mtoto hodari, kwa hiyo afadhali uazime la mtoto wa jirani anayesoma hapo. Tazama tarehe. Kama kati ya Februari na Machi kuna kurasa nne, mtoto hakuwa na mwalimu. Tazama kalamu nyekundu: je, mwalimu alisahihisha sentensi, au aliweka alama ya vema juu ya "mtoto huyu anacheza mbira" na kupita? Insha moja ya Kiswahili iliyosahihishwa vizuri inakuambia zaidi ya chumba kizima cha kompyuta.

Kuanzia 2009 mradi wa Uwezo ulikwenda nyumba kwa nyumba Kenya, Tanzania na Uganda na kuwapa watoto hadithi fupi ya kiwango cha darasa la pili, kuona nani anaweza kuisoma. Matokeo yaliwashtua wengi, kwa sababu watoto wa madarasa ya juu walikwama. Jaribio hilo halihitaji mtaalamu. Mpe mtoto wa jirani wa Gredi ya 4, anayetoka shule unayoitamani, ukurasa wa kitabu cha Gredi ya 2 ambacho hajawahi kukiona. Kisha mwulize hadithi ilihusu nini. Ufasaha wa kutamka bila kuelewa ni maradhi ya kawaida katika akademia, na wazazi hulipia maradhi hayo wakidhani ni afya.

Maana tumejiroga na Kiingereza. Mtoto wa chekechea akisema "good morning visitors, how are you" kwa sauti ya kasuku, mzazi hutoa simu kulipa karo ya muhula mzima. Sera ya lugha ya Kenya, tangu ripoti ya Gachathi ya 1976, imesema madarasa ya chini yafundishe kwa lugha ya eneo, na mjini hapa hiyo ni Kiswahili. Mtoto anayejifunza kusoma kwa lugha anayoielewa huhamisha ujuzi huo baadaye. Anayefundishwa kila kitu kwa lugha asiyoifahamu hujifunza kukariri. Lakini bado kuna shule ambamo mtoto akisema Kidawida cha nyumbani au Kiswahili Jumatatu anavishwa kibao shingoni, adhabu ile ile ambayo Ngũgĩ wa Thiong'o aliieleza kutoka shule za ukoloni. Na pale penye kibao, fimbo haiko mbali, ingawa ilipigwa marufuku mwaka 2001 na sheria ya 2013 ikarudia marufuku hiyo. Usimuulize mkurugenzi kama wanachapa. Muulize mtoto wa darasa la chini, mama yake akiwepo, "ukikosea hesabu, nini hufanyika?"

Karatasi nazo zina mahali pake. Cheti cha usajili kinataja kiwango: chekechea, msingi, au sekondari msingi. Shule yenye cheti cha msingi inaweza kuwa inaendesha Gredi ya 7 bila idhini, na hiyo si habari njema kwa mtoto atakayehitaji nambari ya mtihani. Uliza pia kama shule ni kituo cha mitihani cha KNEC, baraza la mitihani la taifa, au watoto wake huandikishwa kwingine. Ofisi ya elimu ya kaunti ndogo itakuthibitishia, na safari ya huko ni nafuu kuliko kilio cha mwaka wa mwisho, mtoto anapogundua kwamba hakuandikishwa popote.

Yapo mengine ambayo mwongozo wa Nairobi hautakuambia. Bomba la chemchemi za Mzima limepeleka maji Mombasa tangu miaka ya 1950, likipita katika kaunti hii, na bado Voi inahesabu mitungi. Visima vingi vya kuchimbwa hutoa maji ya chumvi. Shule ya watoto 400 bila matangi ya kutosha ni choo kisichotumika na mkono usionawa. Ingia chooni. Ukiambiwa choo cha wageni ni kile pale, sema ahsante, kisha uende cha watoto. Joto la Februari nalo ni sehemu ya mtaala: chumba cha mabati kisicho na dari, saa nane mchana, hakifundishiki, hata mwalimu awe malaika.

Halafu ndovu. Mbuga za Tsavo zimechukua takriban asilimia 62 ya kaunti, na ndovu hawasomi ramani. Mtoto wa Sagalla au wa Kasigau anayesubiri basi saa kumi na moja alfajiri gizani yuko mahali ambapo mtu mzima hasimami bila tochi. Basi linalozunguka mitaa yote kabla ya kufika shuleni humchukua mtoto wa kwanza mapema kupita kiasi, na huyo huwa ndiye anayekaa mbali kuliko wote. Omba kujua saa ya mtoto wa kwanza, wala si saa ya mtoto wako peke yake, kwa sababu mwakani njia inaweza kugeuzwa. Tazama mikanda ya usalama kama ipo na kama inafungika. Na kwa shule zilizo ng'ambo ya barabara kuu, simama jioni uone ni nani anayewavusha watoto kati ya malori.

Bweni ni suala zito zaidi, na hapa sitajificha: mtoto wa Gredi ya 2 asilale shuleni kama kuna bibi, shangazi au jirani mwema wa kukaa naye. Najua kwa nini wazazi wa hapa huchagua bweni. Mlinzi wa mbuga hukaa kambini wiki kadhaa, mhudumu wa hoteli hupewa likizo kwa zamu, dereva wa lori yuko Malaba. Lakini usiku wa Septemba 5, 2024, bweni la shule ya kibinafsi ya Hillside Endarasha huko Nyeri lilishika moto na wavulana 21 wakafa. Ukaguzi uliofuata uliifanya wizara kufunga mabweni ya shule 348 za msingi nchini. Kanuni zilikuwepo muda wote huo. Mwongozo wa usalama wa mwaka 2008, ulioandikwa wakati nchi ingali na kumbukumbu ya wavulana 67 waliokufa kwa moto wa bweni la shule ya Kyanguli, Machakos, mwaka 2001, unataka nafasi isiyopungua mita 1.2 kati ya kitanda na kitanda, njia ya katikati ya mita 2, milango inayofunguka kwa nje na isiyofungwa kwa kufuli watoto wakiwa ndani, na madirisha yasiyo na vyuma.

Kwa hiyo nenda na futi ya fundi. Sisemi kwa mzaha. Pima. Ukikatazwa kuingia bwenini mchana, watoto wakiwa darasani, kwa kisingizio cha faragha, chukua mtoto wako mwende nyumbani. Ukiingia ukaona vyuma madirishani, utaambiwa ni kwa ajili ya wezi. Mwulize anayekuambia ni nani anayeshika ufunguo saa nane usiku, na analala wapi.

Siku hiyo hiyo ya ukaguzi, pita shule ya umma iliyo karibu. Wazazi wengi hawafanyi hivi, wanalinganisha akademia na akademia. Katika shule ya umma utakuta darasa limejaa, huenda na dawati moja kwa watoto wanne. Utakuta pia mwalimu aliyesomea kazi yake, mwenye nambari ya TSC, ambaye amefundisha Gredi ya 4 miaka tisa na anajua mtoto hukwama wapi katika sehemu na desimali. Zipo shule za umma za kaunti hii ambazo ningempeleka mtoto kabla ya nusu ya akademia ninazozijua, na zipo nyingine ambazo singethubutu. Bila kuziona, hujui iliyo karibu nawe ni ipi. Na ikumbukwe kwamba wakimaliza Gredi ya 9 watoto wa pande zote mbili huziwania shule zile zile: Kenyatta ya Mwatate, Bura ya wasichana, Dr Aggrey ya Wundanyi. Zote ni za umma.

Imebaki hesabu, na wazazi huifanya kwa muhula mmoja tu. Kutoka PP1, mwaka wa kwanza wa chekechea, hadi Gredi ya 9 ni miaka 11, mihula 33. Chukua mfano, usiotoka katika shule yoyote: karo Sh15,000 na basi Sh5,000 kwa muhula. Ni Sh660,000 kabla ya sare, sweta ya michezo, safari za shule na ile sherehe ya chekechea ambapo mtoto wa miaka mitano huvishwa joho. Karo hizi hazina kikomo cha serikali. Mkurugenzi akiongeza Sh3,000 mwakani, ameongeza. Kila shilingi idai risiti, na shule inayotaka itumwe kwenye simu ya mtu binafsi ina jambo la kueleza.

Kama pesa hazifiki mihula 33, na kwa wengi wetu hazifiki, desturi ya hapa ni kumweka mtoto shule ya umma kwanza, kisha kumhamishia akademia Gredi ya 5 au ya 7 "akapikwe" kwa mtihani. Mimi ningegeuza. PP1 hadi Gredi ya 3 ni miaka mitano, mihula 15, na hapo ndipo mtoto hujifunza kusoma, jambo linalotaka darasa dogo na mwalimu mwenye muda. Anayesoma vizuri akifika Gredi ya 4 anaweza kustahimili darasa la watoto 60. Asiyesoma hapikiki Gredi ya 7, hata alipiwe nini. Mihula 18 inayobaki, kwa mfano wetu, ni Sh360,000. Karo iliyowekwa na serikali kwa bweni katika shule za upili za umma za ngazi ya juu ni Sh53,554 kwa mwaka. Miaka mitatu ya shule ya upili ni Sh160,662. Ukiweza kuweka akiba hizo zote, utabaki na karibu Sh200,000 za sare, michango na vitabu, na akiitwa Dr Aggrey utanunua sweta nzito, kwa sababu Wundanyi si Voi.